Fildi ya fedha: tawi la benki au ofisi ya dalali wa hisa?

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili, unasoma benki na fedha, umekubaliwa fildi sehemu mbili hapa Dar: tawi la benki kubwa na ofisi ndogo ya dalali wa hisa. Nyumbani wanataka benki kwa sababu ya jina. Mimi nimepita kote kuwili, na ningekwenda kwa dalali.

Benki mwanafunzi hapewi nywila ya mfumo, na ni haki, zile ni siri za wateja. Kwa hiyo unabaki na fotokopi, kupanga mafaili na kuelekeza watu foleni. Ukibahatika kukaa na afisa mikopo ukamwona anavyoisoma taarifa ya akaunti ya mfanyabiashara, hapo utajifunza kweli. Wengi hawafiki huko.

Kwa dalali nilikwenda 2021. Ofisi ni ndogo, hata ukitaka kutega kazi huna pa kujificha. Mteja anakuja na kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki, mnamfungulia akaunti ya CSD, yaani ile inayotunza hisa zake kielektroniki. Anajaza fomu ya kununua, oda inaingizwa kwenye mfumo wa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, na ikishakutana na muuzaji, malipo na hisa vinakamilishwa siku ya tatu ya kazi. Safari yote ya pesa unaiona ukiwa umekaa kiti kimoja.

Hatifungani, yaani kuikopesha Serikali ikulipe riba, ndizo zilizonifungua macho. Ile ya miaka 25 ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, riba 15.95% kwa mwaka, na simu zilikuwa hazikatiki. Darasani nilikariri kwamba bei ikipanda faida inashuka. Pale nilitakiwa nimweleze mama mstaafu kwa nini alipe, tuseme, milioni 10.5 apate hatifungani ya milioni 10. Nikachukua karatasi: riba yake ni 1,595,000 kwa mwaka, inalipwa nusu kila miezi sita, haikatwi kodi ya zuio. Igawe kwa 10.5 uliyotoa, unapata kama 15.2%. Na mwisho Serikali inakurudishia 10, siyo 10.5, kwa hiyo faida halisi iko chini kidogo ya hapo. Aliuliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliwahi kutuuliza: "Sasa mimi miaka 25 nitakuwepo?" Ikabidi nijifunze soko la upili, pale wenye hatifungani wanapouziana wao kwa wao, siku hiyohiyo, maana jibu lake liko huko: akizihitaji pesa kabla ya muda anaiuza, kwa bei ya siku hiyo.

Kitu kingine ambacho hakimo kabisa kwenye silabasi ni mirathi. Watu walinunua hisa za TBL 1998, za NMB 2008, za CRDB 2009, kisha wakafariki bila kumwambia mtu. Watoto wanakuja na cheti cha karatasi walichokikuta kabatini. Hapo bila barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi hakiendi kitu, na jina likitofautiana herufi moja na la NIDA, wanarudi kutafuta hati ya kiapo. Magawio ya miaka yamelala. Mwenzangu niliyekuwa naye fildi alichukua hilo likawa mada ya utafiti wake wa mwaka wa tatu, na alikuwa na cha kuandika kuliko sisi wote.

Ubaya upo. Posho usiitegemee, na siku ambazo soko limepoa unaweza kukaa hadi mchana bila oda ya maana. Muda huo omba taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa, soma moja baada ya nyingine, andika kwenye logibuku ulichokiona, siyo "nilisaidia kazi za ofisi". Msimamizi wa chuo akija atakuuliza hapohapo.

Ila kabla hujapeleka barua, tafuta jina la hiyo ofisi kwenye orodha ya madalali wenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Kama halimo, nenda benki ukapige fotokopi.