Kabati la gemu lililokataa kupanda ngazi

Kabati langu la kwanza la gemu, lile la kuchezea umesimama lenye skrini na vitufe, nililijengea uani, nikalipaka rangi, nikaliwasha, nikacheza Pac-Man ya mwaka 1980 mpaka usiku; kesho yake likakataa kupanda ngazi. Tunakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya mawe huko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ngazi hubanwa na kuta mbili na kupinda mahali ambapo hata godoro hupita kwa kukunjwa. Mlango wa chini nilikuwa nimeupima nikapata sentimita 76, na kwa kuwa kabati lilikuwa na upana wa sentimita 64, nilijiona nimemaliza hesabu.

Kwanza, nilikuwa nimepima fremu badala ya nafasi. Mlango ukifunguliwa, ubao wake hubaki umekula sehemu ya uwazi, na kitasa huchomoza zaidi, kwa hiyo nilipopima tena kutoka kwenye uso wa mlango hadi mwimo wa upande wa pili nilipata sentimita 70 tu. Hizo zilitosha. Kilichonishinda ni kona, kwa sababu kitu kinachopita kikiwa kimenyooka huenda kisiweze kugeuka. Kabati lenye upana wa sentimita 64 na kina cha 80, likizungushwa hali limesimama, hudai nafasi ya kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, yaani sentimita 102 na ushei, ilhali ujia wetu una 85. Tukalilaza, basi urefu wake wa sentimita 180 ukagonga ukuta. Na hata kama lingepita, kulisimamisha tena kungehitaji karibu sentimita 197 kwenda juu, na boriti za pale ngazi zinapopinda ziko kwenye 190. Kinyozi wa chini alilichukua kwa nusu ya bei ya mbao.

Safari ya pili nilianza na maboksi ya friji. Niliyakata na kuyaunga kwa gundi ya karatasi hadi nikapata boksi tupu lenye vipimo vya kabati nililolikusudia, kisha nikalipandisha peke yangu, nikalipunguza kila lilipokwama, nikalipandisha tena. Jirani aliniuliza ni jeneza la nani. Nakushauri uvumilie maneno ya namna hiyo, kwa maana boksi tupu hukuonyesha kitasa, swichi ya taa na bomba la maji ambavyo futi kamba haikukumbushi.

Hatimaye nilifikia vipande vitatu: kitako, kichwa chenye skrini, na meza ya vitufe. Meza hiyo ndiyo inayochomoza mbele, hivyo ikiondolewa kina hushuka kutoka sentimita 80 hadi 55. Nilipopunguza na upana hadi 60, kila kipande kikawa kinazunguka ndani ya sentimita 82, na skrini ya inchi 24 bado ikaingia. Mkato kati ya kitako na kichwa uweke pale pale meza inapokaa, ili meza yenyewe iufunike na mtu asiuone.

Vipande hivyo usiviunge kwa skrubu. Hasa kwenye MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, skrubu ikifunguliwa mara mbili tatu tundu hulegea, nayo MDF huvimba ikipata unyevu, jambo ambalo si geni kwetu pwani. Isitoshe, ubao mzima wa milimita 18 una uzito wa karibu kilo 40. Mimi nilitumia plaiwudi, na kila kiungo nikakitia bolti nne za milimita 8 zinazokamata nati zilizozamishwa ndani ya mbao. Kabla ya kuunga, hakikisha kwamba mkono wako ukiwa na spana unaweza kuzifikia bolti hizo kupitia mlango wa nyuma. Mbili kati ya zangu nilizikaza kwa ncha za vidole na matusi.

Kuhusu nyaya, bodi ndogo ya kielektroniki inayounganishwa na vitufe ifunge ndani ya meza, na Raspberry Pi (kompyuta ndogo inayoendesha gemu), spika na umeme vikae kichwani. Hapo waya unaovuka kiungo ni mmoja tu, wa USB, nao huchomolewa kwa mkono. Mwaka jana tulipohamia chumba cha nyuma, mke wangu alilifungua kabati zima mimi nikiwa kazini, na niliporudi nilimkuta anacheza.