Kabla hujamwingiza mtumiaji kwenye kundi la Administrators

Vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta za ofisi, karibuni sana. Kila mwaka wanakuja wageni, na tiketi ni ileile: programu ya stoo au ya uhasibu inagoma kwenye akaunti ya kawaida, ukiifungua kama msimamizi inakubali. Fundi anaangalia saa, anamwingiza mtunza stoo kwenye kundi la Administrators, anafunga tiketi. Siku mtumiaji huyo atakapofungua kiambatisho kibovu cha barua pepe, kilichomo ndani kitakuwa kimebakiza bofyo moja tu kushika kompyuta nzima. Jamani, acheni. Programu hizi karibu zote zinataka kitu kimoja au viwili: kuandika kwenye folda fulani, au kwenye ufunguo fulani wa rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows. Kitafuteni hicho, mkiruhusu hicho tu, basi.

1. Tafuta panapokataliwa kabla ya kugusa chochote. Ingia kwa akaunti ya mtumiaji, fungua Process Monitor (Procmon, zana ya Microsoft inayoonyesha kila faili na ufunguo wa rejista ambao programu inaugusa) kwa jina na nywila ya msimamizi, halafu fungua programu yenyewe kwa haki za kawaida. Bonyeza Ctrl+L uweke vichujio viwili: Process Name iwe stoo.exe (tuseme ndilo jina lake) na Result iwe ACCESS DENIED. Ctrl+X inafuta yaliyokusanywa. Fanya kile kitendo kinachogoma, kisha Ctrl+E usimamishe mara moja, maana Procmon ikiachwa inakula memori mpaka kompyuta ilale. Mistari ikiwa mingi usishtuke. Programu nyingi huomba haki zote kwanza, zikinyimwa huomba kusoma tu na kuendelea na kazi kama kawaida. Unaoutafuta ni mstari uliotangulia lile dirisha la kosa. Safu ya Path itakuambia ni wapi. Ikianzia HKLM (sehemu ya rejista ya kompyuta nzima), soma njia yote mpaka mwisho: programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 huandika chini ya HKLM\SOFTWARE\WOW6432Node, na wengi hutoa ruhusa pasipo penyewe, wakabaki wanashangaa.

2. Toa ruhusa kwenye folda ya data peke yake. Hifadhi kwanza ruhusa zilizopo kwa icacls, amri ya kusimamia ruhusa za faili na folda:

icacls "C:\ProgramData\Stoo" /save C:\kazi\ruhusa.txt /T

Kisha:

icacls "C:\ProgramData\Stoo" /grant *S-1-5-32-545:(OI)(CI)M

M ni haki ya kusoma, kuandika na kufuta. OI na CI zinafanya ruhusa irithiwe na faili na folda za ndani. Ile namba ndefu ni kundi la Users, na inakubalika hata Windows ikiwa ya lugha nyingine. Tumia cmd, kwa sababu PowerShell hukwama kwenye yale mabano. Siku ya kurejesha, /restore huelekezwa kwenye folda ya juu yake, yaani C:\ProgramData, la sivyo haitapata njia.

Msidhani ProgramData iko wazi tayari. Kwa kawaida mtumiaji anaruhusiwa kuunda faili mpya humo, lakini faili aliyoiunda mwenzake anaisoma tu. Ndiyo maana asubuhi Asha anafanya kazi vizuri, mchana Juma anakaa kwenye kompyuta ileile na programu inamkatalia. Na kama data ni faili ya Access, ruhusa kwenye .mdb haitoshi: Access huunda faili ya kufuli, .ldb, pembeni yake na kuifuta kazi ikiisha, kwa hiyo ruhusa lazima iwe ya folda.

Folda yenye .exe usiiguse. Anayeweza kuandika juu ya stoo.exe anaweza kuweka kitu kingine kwa jina hilohilo, na siku wewe msimamizi utakapoifungua, hicho kitu kinaendeshwa kwa haki zako. Hata ruhusa ya kuunda faili mpya tu humo ni hatari, kwa kuwa DLL (faili za msaada ambazo programu huzipakia) nyingi hutafutwa kwanza pembeni ya programu kabla ya System32. Data ikiwa imechanganywa na .exe, angalia kwenye .ini au kwenye mipangilio kama njia ya data inaweza kuhamishwa. Mara nyingi inaweza.

3. Ogopa programu isiyogoma. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo ofisi hupoteza kazi ya miaka.

Tangu Windows Vista, programu ya biti 32 isiyo na manifesti (maelezo yanayoambatana na programu) inayotaja kiwango cha haki, ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, haipewi kosa. Windows inachukua ile faili na kuiweka kimyakimya kwenye C:\Users\jina\AppData\Local\VirtualStore. Programu inaamini imeandika mahali pake. Ikirudi kusoma, VirtualStore hutazamwa kwanza, kwa hiyo mtumiaji anaona alichoingiza na hana la kulalamikia. Programu nyingi za Visual Basic 6 ziko hivi.

Sasa fuatilia kinachotokea. Asha ana nakala yake ya stoo.mdb, Juma ana yake, na ile iliyoko Program Files imebaki kama ilivyokuwa siku ya usakinishaji. Asha anaingiza magunia 200 ya saruji; Juma hayaoni, anasema Asha hajaingiza. Fundi anaitwa, anafungua kama msimamizi, anakuta stoo tupu, kwa sababu yeye anasoma faili halisi. Chelezo ya kila usiku inanakili Program Files, kwa hiyo kwa miezi yote imekuwa ikihifadhi faili tupu. Halafu Asha anahama kituo, fundi anafuta profaili yake ili kupata nafasi kwenye diski, na stoo yote inaondoka nayo. Hakuna mahali pengine ilipokuwa.

Fundi mwingine anagundua nusu ya tatizo na kutoa ruhusa ya M kwenye Program Files. Haisaidii, maana nakala ya VirtualStore ikiwepo bado inatangulia.

Njia ya kulimaliza ni hii. Fungua Task Manager, kwenye Details ongeza safu ya UAC virtualization, ndilo jina la uhamishaji huo wa kimyakimya. Ikisema Enabled, umepata. Kagua profaili zote kwa cmd ya msimamizi:

for /d %u in (C:\Users\*) do dir /s "%u\AppData\Local\VirtualStore"

Waambie wote wafunge programu. Nakili kila toleo nje ya kompyuta. Usichukue tu lenye tarehe mpya: kama watu wawili wameingiza data, kila toleo lina maingizo ambayo lingine halina, na mhasibu lazima aketi nawe myaunganishe. Faili iliyokamilika iweke ProgramData, elekeza programu huko, toa ruhusa kama nilivyosema, kisha zile folda za VirtualStore zibadilishe majina. Kuzifuta kunaweza kusubiri mwezi ufungwe.

4. runas /savecred ni kumpa mtu nywila. runas huendesha programu kwa akaunti nyingine, na /savecred huhifadhi nywila yake. Ile ikoni nzuri ya amri hiyo mnayoweka kwenye desktop hufungua programu bila kuuliza nywila, lakini nywila haikufungwa kwa programu hiyo. Mtumiaji anaandika runas /user:fundi /savecred cmd na anapata dirisha la fundi. Isitoshe, programu inaendeshwa kwa jina la fundi: mipangilio inaingia kwenye HKCU (rejista ya mtumiaji) ya fundi, printa ya kawaida ni ya fundi, na diski ya mtandao Z: haionekani. Ukiikuta ikoni hiyo, tazama nywila zilizohifadhiwa kwa cmdkey /list kwenye akaunti ya mtumiaji, uifute ya fundi kwa cmdkey /delete.

5. Programu ikidai nywila kwa mazoea tu, bila kuhitaji haki, weka set __COMPAT_LAYER=RunAsInvoker kwenye faili ya .bat kisha uianzishe humo. Haiongezi haki yoyote.

6. Vingine ni halali kumhitaji msimamizi: dereva za dongle (kifaa cha USB chenye leseni ya programu), na dereva za printa tangu masasisho ya Agosti 2021. Sakinisha mara moja, ondoka. Anayebadilisha anwani za IP kila siku aingie Network Configuration Operators.

7. Ukimaliza, mtumiaji atoke kabisa na kuingia upya, hasa kama umemwongeza kwenye kundi, maana makundi husomwa wakati wa kuingia. Mkalie pembeni aingize ankara, achapishe, afunge na kufungua tena. Kisha bandika kwenye tiketi amri uliyotumia, neno kwa neno, pamoja na mahali ilipo ruhusa.txt.