Jibu: Kuwafundisha mafundi wapya viwango vya kuunganisha waya na kebo

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuwasomesha mafundi wapya kiwango cha IPC/WHMA-A-620 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa mikusanyiko ya waya na kebo) darasani kabla ya kuwapeleka mezani. Kwa maoni yangu haitoshi, kwa sababu kiwango hicho kinaeleza jinsi kazi iliyokamilika inavyopaswa kuonekana, wala hakimfundishi mtu kushika koleo.

Madaraja yake matatu ya bidhaa yaeleze kwa ufupi: kasoro inayovumilika katika daraja la 1, la vifaa vya kawaida, huweza kukataliwa katika daraja la 3, ambako kifaa hakiruhusiwi kuzimika kikiwa kazini.

Muda mwingi uende kwenye kubana terminali, yaani kipande cha chuma kinachofungwa kwenye ncha ya waya ili uunganishwe. Mpe kila mmoja lenzi ya kukuzia, aangalie kama ganda la waya na shaba yake vyote viwili vinaonekana kati ya mbano wa ganda na mbano wa shaba, kama ncha za nyuzi zimechomoza kidogo kwa mbele bila kuzuia sehemu ya kuchomekea, na kama hakuna uzi uliokatwa wakati wa kumenya ganda au uliobaki nje ya mbano. Kisha aivute terminali kwa kipima nguvu mpaka ing'oke. Hata hivyo, terminali inaweza kufaulu jaribio la kuvutwa na bado ikawa imebanwa vibaya (wakufunzi wengi hulipita jambo hili juujuu), kwa hiyo wafundishe pia kupima kimo cha mbano kwa mikromita na kukilinganisha na kile kilichotajwa na mtengenezaji wa terminali.

Cheti anachopata mtu aliyefuzu kiwango hiki hudumu miezi 24. Panga marudio mapema.