Dawa ya kisukari iliyotoka shamba la kahawa Ruiru: maswali yenu

Safu iliyopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba kuna kidonge cha kisukari kilichoanzia kwenye udongo wa Kenya. Simu haijatulia tangu siku hiyo. Nimechagua maswali yanayojirudia na kuyafupisha.

Ni kweli, au ni zile habari za kusambaziana WhatsApp? (Mwalimu mstaafu, Thika)

Shikamoo mwalimu. Ni kweli. Dawa inaitwa akabosi, na wengi wanaijua kwa jina la Glucobay la kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Inatengenezwa na bakteria wa jenasi ya Actinoplanes, aina iliyopewa alama SE50, ambaye alitolewa kwenye udongo wa shamba la kahawa huko Ruiru, jirani yako kabisa. Alihifadhiwa katika hazina ya vijidudu ya Uholanzi kwa namba 961.70, na hizo tarakimu mbili za mwisho ni mwaka: 1970. Watafiti wa Bayer walichapisha habari za kemikali yenyewe mwaka 1977. Dawa ilianza kuuzwa Ujerumani 1990, na Marekani ikaidhinishwa 1995. Kutoka udongo hadi kidonge, miaka 20.

Udongo una bakteria mabilioni. Walimpataje huyo mmoja? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Kwa kuchuja, tena na tena, kazi ya kuchosha. Udongo unaachwa ukauke, kwa kuwa bakteria wanaokua mbio mbio wengi hufa kwa ukavu, na hawa wa kundi la aktinomaiseti, wenye mbegu ngumu, hubaki. Ndio ndugu zao wanaotoa ile harufu ya ardhi mvua ikianza kunyesha. Kisha udongo unakorogwa kwenye maji na kupakwa juu ya sahani za aga, ule utelezi mgumu wa kukuzia bakteria. Wenzao huota usiku mmoja. Hawa huchukua siku kadhaa, wiki hata mbili. Actinoplanes mara nyingi hujitokeza kama vidoa vya rangi ya machungwa, vigumu, vimeng'ang'ania aga.

Kila kidoa kinakuzwa peke yake kwenye supu ya virutubishi, halafu supu inajaribiwa. Jaribio la msingi unaweza kulifanya hata maabara ya shule: changanya wanga na kimeng'enya kinachovunja wanga, tia tone la supu, subiri, kisha dondosha iodini. Rangi ya buluu ikipotea, wanga umeliwa, supu yako haina kitu. Buluu ikibaki, kuna kitu ndani kimemfunga mdomo yule mlaji. Kukijua ni kitu gani ndiyo kazi ya miaka.

Tatizo la siku hizi ni kugundua kilichokwisha kugunduliwa. Kwa hiyo maabara nyingi huanza kwa kusoma jeni za bakteria kabla ya kumtafutia dawa. Za huyu wa Ruiru zilisomwa zote na kuchapishwa mwaka 2012: herufi zaidi ya milioni tisa.

Mimi ni dereva wa malori, ugali ndio chakula. Daktari ameniandikia hiyo akabosi na sasa tumbo linanguruma hadi utingo ananicheka. Niache? (Mombasa)

Usiache kabla ya kurudi kwa daktari, na usione haya kulitaja hilo la gesi. Ndiyo malalamiko nambari moja ya dawa hii, na chanzo chake ni namna inavyofanya kazi.

Ugali, wali, chapati, viazi, vyote ni wanga. Wanga haupiti kwenda kwenye damu mpaka ukatwe vipande vidogo vya glukosi, na mkato wa mwisho unafanyika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Akabosi ina umbo la sukari, ila kiungo kimoja kina naitrojeni ambayo kimeng'enya hakiwezi kuikata. Kimeng'enya kinakuwa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni: hamezi, hatemi, na wakati huo hawezi kula kingine. Wanga unachelewa kukatwa, sukari inaingia kwenye damu polepole badala ya kufurika saa moja baada ya kula.

Wanga uliobaki unateremka hadi utumbo mpana. Huko kuna bakteria wengine, nao hawajapewa amri ya kufunga. Wanauchachusha, gesi inatoka. Kwa kawaida hupungua baada ya wiki kadhaa, hasa dozi ikianza kidogo na kupanda taratibu. Mwambie daktari, anaweza kuishusha kisha aipandishe upya. Ukipunguza ukubwa wa bonge la ugali nalo litasaidia, ingawa najua ushauri huo hautanipatia marafiki.

Kidonge kinamezwa na tonge la kwanza. Ukikimeza saa moja baada ya kula, umekitupa. Usipokula, usikimeze.

Na hili lishike sana, wewe unayeshika usukani. Akabosi peke yake haiteremshi sukari kupita kiasi. Lakini kama unatumia pia insulini au vidonge vingine vya kisukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, mtetemeko, macho kuona ukungu. Watu hukimbilia soda au chai ya sukari. Kwako hazitafanya kazi upesi, kwa sababu sukari ya mezani nayo inahitaji kukatwa, na mkataji wake ndiye aliyezuiwa. Weka kwenye gari glukosi ya unga ya duka la dawa. Hiyo haihitaji kukatwa na kitu.

Kama dawa iko kwenye udongo, sisi tunaokula udongo tumejikinga? (Mama mjamzito, Tanga)

Hapana, mama. Kwenye udongo huyo bakteria ni mmoja kati ya umati, na anachotoa ni kidogo mno. Kiwandani anakuzwa kwenye matangi makubwa na kulishwa sukari ya maltosi, na hata hivyo ilibidi wachague vizazi vyake kwa miaka mingi mpaka wakapata wanaotoa cha kutosha. Utakachokipata kwa uhakika kwenye udongo ni mayai ya minyoo, na una hatari ya kuzidisha upungufu wa damu. Kama hamu imekuzidi, waambie kliniki wakupime damu.

Ruiru imefaidika na nini? Sijaona hata barabara. (Kijana, Ruiru)

Hakuna mkataba wowote wa mgawo wa faida ninaoufahamu, na sheria haikusaidii. Mwaka 1970 bakteria alihesabiwa mali ya aliyemwokota. Mkataba wa Bioanuwai, uliosema kwamba viumbe ni mali ya nchi walikotoka, ulitiwa saini Rio mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayoeleza mgawo wa faida ufanyike vipi, ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2006, na leo mtu akitaka kubeba udongo kwenda kutafuta dawa ndani yake anahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na makubaliano ya maandishi. Zote hizo zinatazama mbele. Mwaka huo huo wa 2006 ndipo ripoti moja ya Marekani ilipoanika habari ya Ruiru kwa umma. Watu wa Baringo wana kisa chao cha aina hiyo hiyo, cha bakteria wa Ziwa Bogoria waliozaa vimeng'enya vya kupausha jinzi, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikalalamika hadharani.

Nakuunga mkono nusu. Kuficha asili ya kitu chenye soko kubwa hivyo si uungwana, na shukrani hata ya maandishi isingewafilisi. Nusu nyingine siikubali: udongo ule haukuwa dawa. Ulifanywa dawa na watu waliokaa miaka 20 na sahani za aga, wakilipwa mshahara kila mwezi, na umeme haukatiki. Ninachokiona cha aibu ni kwamba bado vyuo vyetu vinapoteza mikusanyo ya bakteria kwa sababu friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri imezimika wikendi na jenereta halina dizeli.

Insulini si hutengenezwa na bakteria pia? (Muuguzi, Bujumbura)

Ndiyo, lakini njia ni tofauti. Yule bakteria wa insulini alipandikizwa jeni ya binadamu. Kazi ilifanyika 1978 na dawa ikaidhinishwa 1982. Akabosi bakteria anaitengeneza mwenyewe porini, yaelekea ili kuwanyima majirani zake wanga. Japani nako walipata kemikali ya kundi hilo kwa bakteria wa Streptomyces, wakaigeuza kuwa voglibosi, dawa nyingine ya kisukari. Na Streptomyces mwingine, wa udongo wa Kansas, hutoa streptozotosini, inayoua seli za insulini kwenye kongosho. Hiyo ndiyo wanayodungwa panya wa maabara ili wapate kisukari cha kujaribia dawa.

Nimesikia bakteria wa mdomoni wanaiharibu dawa hii. (Msomaji, Muscat)

Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2021 ulionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa mdomoni na tumboni wana kimeng'enya kinachoibandika akabosi fosfeti na kuizima. Ni mbinu ile ile anayoitumia yule bakteria anayetengeneza akabosi ili asijidhuru. Huenda ikaeleza sehemu ya kwa nini dawa humfaa huyu kuliko yule, lakini kwa mgonjwa hakuna kipimo cha jambo hilo hospitalini kwa sasa. Endelea na dozi yako.

Naweza kuacha metfomini nihamie hii ya kwetu? (Wengi)

La. Akabosi hupunguza kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kwa takriban pointi 0.5 hadi 0.8 za asilimia; metfomini, kidonge kingine cha kisukari, kwa kawaida hupita hapo, na ni ya bei nafuu. Akabosi mara nyingi huongezwa juu yake, hasa kwa mtu ambaye sukari yake ya asubuhi ni nzuri lakini inaruka baada ya kula. Wenye ini lililosinyaa au ugonjwa wa kudumu wa utumbo wasiiguse.