Fundi Anajibu: breki inawasha indiketa, taa zimepiga ukungu, na thamostati iliyotupwa jalalani

Maswali ya mwezi huu mengi ni ya taa. Nimechagua saba ya kujibu hapa, yale ya "fundi ninunue gari gani" nimeyaweka pembeni kwanza maana hayo ni ugomvi mtupu.

Shikamoo fundi. Nina Carina Ti, naishi Tanga. Nikikanyaga breki usiku taa ya breki ya kulia inawaka kwa kufifia, alafu cha ajabu indiketa ya upande huo huo nayo inawaka kidogo, mpaka ule mshale wa kijani kwenye dashibodi unaonekana. Nimebadilisha globu mara mbili, swichi ya breki nimebadilisha, sa hivi fundi anasema waya zote za nyuma zimeoza nimpe laki tatu na nusu aweke mpya. Nitoe? – Kijana wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Usitoe hata mia. Hiyo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, na naandika kabla sijaiona gari lako kwa sababu hiyo indiketa kuwaka ukikanyaga breki ndo sahihi yake kabisa.

Iko hivi. Umeme kwenda peke yake hautoshi, lazima urudi. Unatoka betri, unapita swichi ya breki, unaingia kwenye globu, alafu unatakiwa urudi kwenye hasi ya betri, na kwenye gari njia ya kurudi ni bodi lenyewe. Sasa taa za nyuma upande mmoja, yaani breki, parking, indiketa na rivasi, zote zinachangia waya mmoja wa kurudi ambao umefungwa kwa bolti kwenye bodi huko ndani ya buti. Kwa Toyota nyingi ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Bolti ile ikipata kutu umeme wa breki unakosa pa kurudia, na umeme haukai kusubiri, unatafuta njia nyingine, basi unaingia kwenye globu ya indiketa kwa mlango wa nyuma, unapita waya wa indiketa mpaka mbele na kwenye dashibodi ambako ethi ni nzima, ndo unarudi. Unakuwa umepita globu mbili tatu badala ya moja, kila moja inapata kidogo, zote zinafifia. We unaona maajabu lakini umeme unatafuta tu njia ya kwenda nyumbani.

Jaribu mwenyewe kabla ya kwenda kwa yeyote. Chukua kipande cha waya mita moja hivi, ncha moja igusishe kwenye mguu wa ethi wa soketi ya taa, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha bodi, sio kwenye rangi, alafu mtu akanyage breki. Taa ikiwaka kama jua na indiketa ikazima, umemaliza. Fungua ile bolti, nyingi ni spana namba 10, piga msasa bodi na ile pete ya waya mpaka vyote ving'ae, kaza, paka grisi juu. Kama una mita ya kupimia umeme basi weka kipimo kimoja kwenye hasi ya betri na kingine kwenye ethi ya soketi huku breki imekanyagwa, ikisoma karibu na sifuri ni nzima, ikisoma volti mbili tatu hapo ndo ugonjwa ulipo.

Watu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote hili ni lenu zaidi, upepo wa bahari una chumvi na chumvi na bolti hawapatani. Mi nikiwa kijana wa gereji nshawahi kumbadilishia mteja swichi ya breki kwa tatizo hili hili, taa haikupona, na hela sikumrudishia. Sijivunii.

Ila angalia pia globu yenyewe. Ya breki na parking ni ya nyuzi mbili, 21 na 5 wati, na vile vipini vyake viwili havilingani kimo ili usiiweke kinyume. Kuna watu wanailazimisha, au wanaweka ya uzi mmoja ikaingia ikaunganisha njia mbili, ukikanyaga breki na taa za dashibodi zinawaka. Angalia hilo ndo ukafungue bolti.

Fundi mambo, indiketa ya kushoto inapiga haraka haraka kama ina homa, ya kulia iko poa. Ni flasha imekufa? – Dereva, Temeke

Flasha, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, iko nzima na inafanya kazi yake. Globu moja ya kushoto imekufa, mbele au nyuma, flasha imeona mzigo umepungua ndo inakupigia kelele. Zunguka gari uangalie. Kama zote zinawaka lakini umeweka za LED, hizo zinakula umeme kidogo mno flasha inadhani globu imekufa, rudisha za kawaida au weka flasha inayokubali LED.

Habari kaka fundi. Niko Dodoma, gari yangu IST ya 2004. Taa za mbele zimekuwa za njano na zina ukungu, usiku sioni kabisa. Nikashauriwa niweke globu za xenon, nikaweka, sasa kila ninayepishana naye ananipigia ful na mimi bado sioni vizuri mbele. Nimeshasimamishwa na trafiki mara mbili. – Mama wawili, Area C

Pole dada. Umetibu tumbo wakati kinachouma ni kichwa, na wala sio kosa lako, ushauri huo unatolewa kila kona.

Ule ukungu uko kwenye kioo, na kioo chenyewe sio kioo, ni plastiki ngumu iliyopakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Jua la Dodoma linakula ile ngozi miaka na miaka mpaka inapasuka pasuka na kugeuka njano. Mwanga wa globu ukifika pale unatawanyika, mwingine unakwenda angani, mwingine machoni kwa watu. Ukiongeza mwanga nyuma ya kioo chenye ukungu unaongeza ukungu.

Na ile xenon nayo ina kesi yake. IST nyingi zinatumia globu ya H4, ina nyuzi mbili ndani, ya dim wati 55 na ya ful wati 60. Ukiitazama vizuri utaona chini ya uzi wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma, kazi yake kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifrekta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, maana ungepiga pale ungeruka juu machoni kwa anayekuja. Rifrekta yote imechorwa kwa hesabu ya uzi ule kukaa pale pale. Sasa zile seti za kupachika, xenon na LED nyingi, chanzo cha mwanga hakikai sehemu ile, wala hakina umbo lile, hesabu yote inavurugika. Barabara hapo mbele ya bampa inang'aa sana, macho yako yanajibana kwa ule mwanga, kule mbali unabaki na giza. Ndo maana bado huoni na wenzio wanalia.

Dawa: toa xenon, rudisha H4 ya kampuni inayoeleweka, usiishike kioo chake na vidole maana mafuta ya ngozi yanaiunguza, na asikudanganye mtu uweke ya wati 100, itayeyusha soketi na waya. Kioo kisafishwe kwa msasa wa maji, anza namba 800, kisha 1500, 2000, ikiwezekana 3000, alafu polishi, na mwisho, hapa ndo wengi wanaruka, kipakwe kliya, vanishi isiyo na rangi, ya kuzuia jua. Bila kliya taa zitapendeza miezi michache alafu zinarudi njano kuliko mwanzo, maana msasa umetoa na ile ngozi kidogo iliyobaki. Dawa ya mswaki? Inang'arisha wiki mbili. Ni nzuri ukitaka kuuza gari.

Ukimaliza pima kimo. Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, upepo wa matairi uwe sawa, washa dim. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kiweke alama ukutani, mpaka wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kama sentimita 10. Kama uko juu kuna skrubu nyuma ya taa, zungusha taratibu. Kazi ya robo saa na hao wa ful hutawasikia tena.

Bwana fundi, niko Bujumbura, gari yangu imetoka Japani, usukani upande wa kulia. Taa nimezipima kama ulivyowahi kueleza lakini bado wananilalamikia. – Msomaji, Bwiza

Kweli kabisa, kwenu ni tofauti na kwetu. Japani wanaendesha kushoto kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo taa za gari lile zina kona inayopanda upande wa kushoto kumulika waenda kwa miguu pembeni. Burundi mnaendesha kulia, kushoto kwako ndo anakuja mwenzio, unammulika na ile kona. Skrubu hazitaondoa hilo. Kama gari yako iliuzwa pia Ulaya, kama Vitz ambayo kule inaitwa Yaris, tafuta taa za kule ulinganishe holda na plagi kabla ya kulipa. Ukikosa kuna stika maalum za kuziba ile kona.

Fundi shikamoo, Premio yangu ilichemsha njiani, fundi akatoa thamostati akasema huku Afrika joto haihitajiki, akajaza maji ya bomba. Haichemshi tena ila mafuta inakunywa balaa, na asubuhi hita haitoi joto, na Mbeya unaijua. – Mwalimu, Mbeya

Marahaba mwalimu. Neno "huku Afrika joto" limeua injini nyingi kuliko ajali. Na aliyekwambia hivyo yuko Mbeya na sweta!

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi inafunga maji yasiende rejeta ili injini ipate moto haraka, ikifika kama digrii 82 inaanza kufungua. Ukiitoa mlango uko wazi muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inasoma baridi na inaendelea kumwaga petroli kama asubuhi. Hapo ndo hela yako inapokwenda, na hita haiwezi kukupa joto ambalo injini haina.

Kingine, alichotoa fundi hakikuwa lazima ndo ugonjwa. Kabla ya kununua chochote angalia mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko unabana maji kwa presha ili yachelewe kuchemka. Kwenu, kimo cha mita 1,700 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 94 tu, sio 100. Mfuniko ukilegea mpira wake, gari inachemsha ikiwa na joto ambalo kwa Dar lingekuwa la kawaida. Angalia na feni kama inawaka, na rejeta kama haijaziba. Alafu mwaga hayo maji ya bomba, yanaleta kutu na magadi ndani ya pampu, suuza, weka thamostati mpya na kulanti, yale maji maalum ya rejeta, na uitoe hewa yote. Ila mfuniko usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya kengele ya saa moja.

Kaka, nikishuka mlima Kitonga breki zinanuka na pedo inakuwa laini inazama. Padi ni mpya. – Wa Noah, Iringa

Padi mpya hazisaidii kama umezikanyaga kutoka juu mpaka chini. Ile harufu ni padi zimeungua, ila pedo kuzama ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka juu ya digrii 205, lakini yanavuta unyevu wa hewani taratibu, na yakishavuta maji ya kutosha yanachemka kwenye 140 hivi. Yakichemka ni mvuke, mvuke unabanika, pedo inashuka na breki hakuna. Badilisha yote, sio kuongezea juu, na urudie kila miaka miwili. Na Kitonga shuka na gia ndogo, otomatiki weka 2 au L kabla hujaanza kushuka, injini ndo ikushike, breki uzigonge kwa awamu. Ikishazama pedo simama pembeni nusu saa, usimwage maji kwenye diski, zitapinda.

Fundi, nina Vitz ya injini ya 1NZ, oili nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi, na ile ya kupima kwenye pipa ina shida gani? – Bodaboda aliyenunua gari, Morogoro

Hongera kwa gari. Kwa safari zako za mjini za kusimama simama, kila kilomita 5,000 na filta kila mara. Ya pipa shida yake ni kwamba hujui ni nini, inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa ya lori, inaweza kuwa ilishatumika ikachujwa. Umesema ni Vitz ya 1NZ, hiyo inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, nunua galoni la lita nne lenye sili, fungua mwenyewe mbele ya fundi, na ile iliyobaki chini ya galoni usimwachie, ibebe kwenye buti ya kuongezea.