Maswali na Majibu: Skrini za Kusomea Picha za Eksirei

Swali: Hospitali yetu imepata televisheni ya 4K ya inchi 55. Je, tunaweza kusomea eksirei za kifua?

Jibu: Hapana. Swali hili linarudi kila mara kwa sababu wauzaji hutaja pikseli na kunyamazia mwangaza. Televisheni hutengenezwa ipendeze macho, hivyo hukoleza cheusi na kung'arisha cheupe, na uvimbe mdogo wa mapafu, unaotofautiana na nyama inayouzunguka kwa kivuli hafifu cha kijivu, humezwa humo. Skrini ya uchunguzi husawazishwa kwa kufuata sehemu ya 14 ya DICOM, kanuni za kimataifa za picha za kitabibu, ili tofauti kati ya kila hatua ya kijivu na inayofuata ionekane na jicho kuwa ya ukubwa ule ule. Vyama vya wataalamu vya Marekani vinataka mwangaza wa juu usiopungua kandela 350 kwa mita ya mraba, na 420 kwa picha za matiti. Kamati za ununuzi ziandike viwango hivyo katika zabuni.

Swali: Skrini yetu ya uchunguzi ilisawazishwa iliponunuliwa miaka sita iliyopita. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, kwa kuwa taa za ndani huchakaa taratibu na jicho hulizoea giza bila kujua. Iacheni skrini ipate moto kwa nusu saa, kisha fungueni TG18-QC, picha ya majaribio ya kupimia ubora wa skrini. Ndani ya mraba mweusi kabisa (asilimia 0) mna kijimraba cha kijivu cha asilimia 5, na ndani ya mweupe (asilimia 100) mna cha asilimia 95. Kimojawapo kisipoonekana, acheni kuitumia skrini hiyo kutolea ripoti mpaka fundi aipime kwa kipima mwanga.

Swali: Dirisha lililo nyuma ya msomaji lina madhara?

Jibu: Makubwa. Niliwahi kuketi katika chumba ambamo jua la asubuhi lilipiga skrini. Pazia lilipofungwa, doa nyuma ya kivuli cha moyo, ambalo msomaji alikuwa amelipita, likajitokeza. Chumba kiwe na mwanga hafifu, luksi 25 hadi 50, wala kisiwe giza totoro linalochosha macho.

Swali: Naweza kutoa ripoti kwa picha niliyotumiwa kwa WhatsApp?

Jibu: Usithubutu. Picha hiyo imebanwa, huwezi kurekebisha vivuli vyake, na mara nyingi jina la mgonjwa limo pembeni. Omba faili la DICOM.