Kuanza kusoma Absolute Batman

Ndugu, umeuliza kama mtu asiyewahi kusoma katuni za Batman anaweza kuanza na Absolute Batman, mfululizo unaoisimulia upya hadithi yake. Anaweza, na aanze na toleo la kwanza, la Oktoba 2024, kwa kuwa mwandishi Scott Snyder amemvua Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, utajiri wote na kumfanya mhandisi aliyelelewa na mama mjane, baada ya baba yake, mwalimu, kuuawa kwa risasi katika ziara ya shule kwenye bustani ya wanyama. Hapo ndipo hadithi iliponishika, maana hasira yake ni ya mtu aliyekulia katika dhiki. Nick Dragotta amemchora akiwa na mwili mkubwa mno, na nembo ya kifuani hung'olewa na kuwa shoka. Damu ni nyingi; mtoto mdogo asipewe.